Mgeni wa Sebuleni

Siku mthamini wa benki alipokuja kukagua nyumba yetu, sebuleni kulikuwa na ng'ombe. Hakuwa amepotea njia. Alikuwa akiishi humo, mwaka wa tatu sasa, na ukitazama kwa haki yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji, sisi watano ndio tuliokuwa tunabisha hodi.

Utani wenyewe naujua, nimeshaambiwa mara nyingi. Mji wetu ni Bomang'ombe, makao makuu ya Wilaya ya Hai, hapa unapokuta njia panda ya Sanya Juu ukitoka Moshi kwenda Arusha. Na kwa Mtanzania yeyote aliyewahi kushika mwiko wa fundi, boma ni nyumba iliyosimama kuta ikakosa paa. Kwa hiyo sisi tulikuwa na boma, ndani ya boma ng'ombe, mjini Bomang'ombe. Konda mmoja wa Hiace alipoipata habari hiyo alishauri tuombe hadhi ya wilaya.

Mume wangu ni mtoto wa tatu kati ya wavulana watano. Anayeijua mila ya Wachagga ameshaelewa kila kitu. Kihamba cha baba, chenye migomba na kahawa na mfongo wa maji unaopita pembeni, kina wenyewe: wa kwanza anapewa chake, wa mwisho anabaki na wazazi na nyumba yao. Wa katikati wanapewa baraka na nauli. Baba watoto nauli yake ilimfikisha chini, kwenye tambarare hii ya vumbi na upepo, ambako Machame unaiona kwa macho kila mawingu yakifunguka lakini kivuli chake hukipati.

Kiwanja nilinunua mimi mwaka 2017, kwa mgao wa VICOBA na mkopo mdogo niliouongeza juu yake. Kilikuwa kimepimwa. Siku ya kujaza fomu mume wangu alikuwa mlimani na mizigo ya wageni, basi hati ikatoka kwa jina langu, miaka 33. Mama mkwe alipoonyeshwa aliisoma bila miwani, akanirudishia.

"Miaka 33," akasema. "Hata Yesu hakupewa zaidi."

Nikamweleza kwamba kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, sisi tunamilikishwa kwa muda, na muda ukiisha unaomba tena. Akauliza kama Rais anajua kwamba mimi mkwewe nimenunua shamba la mawe.

Mawe yalikuwapo, kweli, na yalitusaidia kwenye msingi, 2018. Baada ya hapo nyumba ikapanda kwa mwendo wa mlima. Baba watoto ni mpagazi wa njia ya Machame. Kikundi kikifika salama, wageni wakatoa tipu nzuri, anashuka na fedha ya tofali. Safari moja, kozi moja. Msimu wa Julai hadi Septemba kuta zilipanda hadi majirani wakaanza kutusalimia kwa adabu. Masika zilisimama, na salamu zikapungua. Mwishoni mwa 2019 tulifunga linta, tukachinja jogoo, tukaanza kuulizia bei ya bati.

Machi 2020 shule zikafungwa kwa corona, Aprili ndege za kimataifa zikasimamishwa. Anga lilifunguliwa Mei 18, lakini kufungua mlango si kupata wageni. KIA iko jirani tu na sisi. Tulizoea kuzisikia ndege hadi tukaacha kuzisikia. Mwaka ule tuliusikia ukimya wake. Mume wangu alishinda bomani, ameegemea ukuta, akitazama linta kama mtu aliyesahau alikuwa anasema nini.

Watoto ndio waliolitumia boma. Kifungua mimba, binti, aligundua kwamba ukuta usiopigwa plasta ni rula. Alisimama kwenye kona ya chumba alichokwisha kujichagulia, akaweka kitabu kichwani, akapiga mstari wa mkaa. Kozi ya tano na vidole vinne. Mdogo wake kozi ya nne kasoro. Kitinda mimba, aliyekuwa ndiyo kwanza anasimama dede, kozi ya tatu, na akalia kwa kuwekewa kitabu kichwani. Tangu hapo kila Desemba walipima. Mimi mwalimu wa hesabu nilikuwa nikiitazama mistari ile najumlisha bila kutaka: watoto wanaongezeka, kozi hazisogei.

Katikati ya 2021 mama mkwe akatuma ng'ombe. Mtamba, mweusi na mabaka meupe, alishuka kwenye pikapu mbele ya boma letu na ujumbe wa mdomo: banda la kihambani limejaa, akae kwa muda. Kwa kuwa hakuna aliyetaka kusema muda huo ni mpaka lini, watoto wakamwita Mgeni. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu tulimpa sebule. Ndicho chumba kikubwa, kina upande mmoja wa kivuli mchana, na mlango wake mkuu ulikuwa bado tundu la futi sita. Tukamtupia turubai kwenye kona, kijana wa jirani akawa analala jikoni kumlinda.

Jambo ambalo watu hawakuambii kuhusu mtamba ni kwamba hana maziwa. Anayo njaa tu. Kule juu migomba iko mlangoni. Huku tambarare ilinibidi nijifunze bei ya majani. Jumamosi nilikwenda sokoni Kwa Sadala kununua ndizi za watu, nikaomba na vigogo vya migomba vya ng'ombe. Mabua baada ya mavuno, pumba, chumvi. Miaka miwili tulimlisha mnyama ambaye kwa desturi ya kwao mume wangu si wetu: anayetunza anapata maziwa na samadi, mwenye ng'ombe anabaki na ng'ombe wake na uzao wake. Maziwa hayapo. Samadi tulikuwa nayo, sebule nzima.

Sisi wenyewe tulikuwa tumepanga vyumba viwili mtaa wa pili, laki na ishirini kwa mwezi, miezi sita mkononi kabla hujaingiza godoro. Januari na Julai zilinijia kama homa ya vipindi. Tena tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi, baadaye 1,500, na mita iliyokuwa kwetu ilikuwa na jukumu la nyumba nzima. Nilimpelekea baba mwenye nyumba hesabu anirudishie, akanisifia mwandiko. Mei 2022 iliposikika nyongeza ya asilimia 23.3, chumba cha walimu kilishangilia mpaka tukakumbushana kwamba hiyo ni ya kima cha chini. Yangu mimi ilipofika nilinunua mafuta ya kula, nikafunga mjadala.

Basi mwaka 2023 nikaenda benki.

Mkopo wa nyumba kwetu bado ni kitu cha kusimuliwa. Sheria yake maalumu ni ya 2008, na nchi nzima mikopo yenyewe ni ya kuhesabu kwa maelfu machache, katika taifa ambalo sensa ya 2022 iliona watu 61,741,120. Wengine wote wanajenga kama sisi: tofali, subira, tofali. Afisa mikopo, kijana mpole mwenye tai iliyomshinda urefu, alinieleza kuna mkopo wa kumalizia nyumba. Milioni 20, miaka 10, riba asilimia 17.

Nilitoa kalamu yangu mwenyewe. Mshahara kabla ya makato 840,000. Toa pensheni asilimia 5, bima ya afya 3, chama 2, toa kodi ya mapato, inabaki 678,500. Marejesho yanakaribia 348,000 kwa mwezi. Linabaki fungu la laki tatu na thelathini. Sheria inataka mtumishi abakiwe na theluthi ya mshahara, nami theluthi yangu ni 280,000. Nimevuka kwa elfu hamsini. Kijana akatabasamu kana kwamba mimi ndiye niliyefaulu mtihani. Kisha nikazidisha 348,000 kwa miezi 120, nikapata 41,760,000, nikaiandika vizuri katikati ya karatasi, nikaitazama. Darasani ningemwambia mwanafunzi arudie, atakuwa amekosea nukta.

Usiku ule nyumbani tulisema riba mpaka ikawa kama jina la mtu anayeishi nasi. Riba itatumaliza. Riba inakula hata tukilala. Watoto walikuwa ng'ambo ya pazia, na pazia halijawahi kuzuia neno.

Mama mkwe alishuka kutoka Machame siku ya tatu. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, dalili mbaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mnaweka nyumba rehani."

Nikamwambia nyumba bado, tunaweka boma. Hakucheka. Akatukumbusha Benki ya Nyumba ya Tanzania, iliyoanzishwa 1973 na watu wakaiimba, ikafa 1995. "Imekufa kabla ya mume wangu," akasema, "na mume wangu hakuwa na afya." Kisha akauliza swali lililomkaa mwanawe kooni wiki nzima: "Kule kihambani baba yenu na babu yenu wamelala pale mgombani. Nani atakuja kupiga mnada? Atamnunua nani?" Nilitaka kumjibu kwamba kihamba hakina hati ndiyo maana benki haikitaki. Nikaona ndilo jibu lake lilelile, nikanyamaza, nikamwongezea chai.

Ikaja ridhaa. Nyumba ya familia huwezi kuiweka rehani bila saini ya mwenzio, na fomu yake inasainiwa mbele ya wakili. Ilikuwa Agosti. Afisa mikopo akanipigia simu.

"Mwalimu, mume yuko wapi aje asaini?"

"Yuko Barafu."

"Anauza?"

"Kambi ya Barafu, kaka. Kesho kutwa atakuwa ameteremka Mweka."

Aliteremka na midomo imechanika kwa jua na baridi, akaenda kwa wakili na vumbi lake la mlimani, akasoma fomu yote, jambo ambalo nadhani wakili hakuwa ameliona siku nyingi. "Mzigo wa mgeni mwisho wake kilo 20," akaniambia tukitoka. "Getini wanapima. Huu tuliobeba leo hawajaupima." Lakini alikuwa amesaini, na herufi zake zilikuwa zimenyooka kuliko za cheti cha ndoa.

Kilichobaki ni uthamini. Mthamini analipwa na mkopaji. Anapiga picha kila chumba, anaandika. Nikaona aibu kumwonyesha mlango wa futi sita. Fundi wetu akashauri tupunguze tundu, tuweke fremu, nyumba ipate sura. "Aisee mwalimu, fremu ni uso wa nyumba," akasema, na akafanya kazi hadi jua likazama: akajenga pande mbili, akasimamisha fremu ya mninga niliyoikopa dukani, akaikingia mihimili ya mbao ili saruji ishike. Kazi safi. Tukasimama nje tukiisifu. Ndipo sauti ikatoka ndani, nzito, ya kuuliza.

Tulikuwa tumemjengea Mgeni ndani.

Fundi akaapa kwamba fremu haipitwi na mtu siku mbili, seuze ng'ombe mwenye mimba ya miezi tisa. "Akipita anaondoka nayo." Mlango wa nyuma ulikuwapo, kwenye kibaraza chembamba chenye kona ambayo Mgeni, kwa tumbo lile, aliitazama mara moja akageuka. Mume wangu alikuwa amerudi mlimani asubuhi ile. Nililala nikijiambia mthamini huenda akachelewa.

Alifika saa mbili na nusu. Mtu wa makamo, viatu vimeng'arishwa, futi ya kamba mkononi. Akapima nje, akapima vyumba, akasifu linta, akachungulia sebuleni kupitia dirishani. Akakaa kimya. Akafungua fomu yake.

"Mwalimu, hapa ni sebule au banda? Fomu inataka moja."

Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, ila Mgeni akaniokoa, ikiwa kuokoa ndilo neno. Alilala chini, akanyoosha shingo, na nyuma yake vikachungulia vikwato viwili vya njano, vyenye utelezi, vikaishia hapo. Nusu saa havikusogea. Mimi nimesomea hesabu. Fundi alisema yeye ni wa saruji. Mthamini akatazama saa, akatazama vikwato, akavua tai akaitundika kwenye fremu mbichi, akapitia dirishani na viatu vyake vile.

"Nimekulia Siha," akasema. "Lete kanga."

Akafunga kanga yangu kwenye miguu ya ndama juu ya fundo, akamwambia fundi ashike ncha nyingine. Mgeni akisukuma wanavuta, akipumzika wanapumzika, mthamini akimsemesha taratibu kwa Kichagga kama anayembembeleza shangazi. Pua ikatoka, ulimi umechomoza pembeni. Kisha kichwa, kisha mwili wote kwa mkupuo mmoja, wakaangukia migongo yao wote wawili kwenye lile nililokuwa naliita sebule. Ndama jike. Mthamini akamfuta pua kwa kiganja, akampuliza, akasubiri mpaka apige chafya. Halafu akanawa kwenye pipa la maji ya saruji, akachukua fomu yake, akaandika "sebule".

"Ng'ombe sijamthamini," akaniambia akivaa tai. Ilikuwa imeshika saruji nchani.

Mama mkwe alifika kesho yake na chungu cha mtori. Nikadhani ni wa kwangu. Kumbe nilikuwa wa pili kwenye foleni, baada ya kumkagua mzazi. Akamshika ndama masikio, akatutangazia pale pale yale tuliyoyajua: maziwa yenu, samadi yenu, ndama wangu. Binti yangu wa kati, aliyekuwa akisikiliza kwa makini kuliko anavyonisikiliza darasani, akauliza, "Kwa hiyo, bibi, ndama ndiye riba?"

Bibi yake alimtazama kwa muda. Ndiyo mara ya kwanza katika habari hii nzima nilimwona akicheka. Jina likabaki. Mtaa wetu ulizoea kusikia mtoto akipiga kelele jioni kwamba Riba imekata kamba, Riba imeingia kwenye mahindi ya watu, na mimi barabarani na madaftari yangu najifanya sisikii.

Mkopo ulitoka kwa awamu. Awamu ya kwanza ilikuwa ya bati, na afisa mikopo alitaka picha. Lakini Mgeni na mwanawe hawakuweza kubaki sebuleni mafundi wakipaua, kwa hiyo bati sita za kwanza za nyumba yetu zilikwenda kwenye banda uani. Nikapiga picha ya bati zilizopigwa misumari, nikaituma. Zikapita dakika mbili.

"Mwalimu, mbona nyumba ni fupi?"

Tulihamia mwishoni mwa Desemba 2023, siku mbili kabla kodi ya miezi sita haijanifikia tena. Madirisha yalikuwa na kanga. Ndugu waliopanda kwa sikukuu kutoka Dar walisimamisha magari, wakala, wakasifu, wakauliza mbona hatujaweka dari. Mvua za El Niño zilikuwa hazijaisha. Usiku wa kwanza zilishuka juu ya bati tupu kwa kishindo ambacho hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake. Baba watoto aliniambia kitu, midomo ikicheza. Nikamwashiria sisikii. Akarudia, akakata tamaa, akalala. Asubuhi nilimuuliza ilikuwa nini, akasema amesahau. Sijamwamini.

Januari kifungua mimba alianza Kidato cha Kwanza, bweni. Ada hakuna tangu 2016, na mimi ni wa kwanza kulitetea hilo mbele ya wazazi wenzangu. Lakini fomu ya kujiunga ilitaka godoro, ndoo mbili, jembe, fagio, rimu ya karatasi, sare jozi mbili na viatu vya kudumu, na wiki ileile simu ililia kunijulisha mshahara umeingia ukiwa umekwisha kumegwa 348,000. Maziwa ya asubuhi yakalipa godoro. Ya jioni tulikunywa. Rimu niliikopa dukani, palepale nilipokopa fremu, na mwenye duka akafungua ukurasa mpya wa daftari, akaandika jina langu juu kwa kalamu nyekundu.

Plasta tulianza Juni, binti alipokuja likizo. Fundi alianzia sebuleni, akapitia ukumbi, akafika kile chumba cha kona, akaniita.

"Mwalimu, hapa pana mkaa. Nisugue?"

Mistari ilikuwa minne ya kila mtoto, isipokuwa ya kifungua mimba, aliyeongeza wa tano asubuhi ileile bila kutuambia: kozi ya saba kasoro vidole viwili. Mkopo utaisha 2033, yeye akiwa na miaka 22. Mdogo aliandika pembeni ya wake tarehe, na pembeni ya tarehe, chini kabisa, kozi ya pili na nusu, mtu alikuwa amempima Riba.

Nikamwambia fundi aache upande ule, upana wa mlango, kutoka chini hadi juu. Alibishana nami sana. Plasta hairukwi, alisema, itapiga ufa pembeni, na watu watasema fundi ni yeye. Mwishowe akakubali kwa shingo upande, akachora mipaka kwa kamba, akafanya kazi hadi adhuhuri. Alipomaliza akapima ukuta mzima kwa ajili ya malipo, ikiwa ni pamoja na kipande asichokigusa.

"Hicho hujapiga," nikamwambia.

"Hicho ndicho kilichonisumbua, mwalimu," akasema, akaandika.